Springi Zilizolala: Mzigo, Chuma na Barabara za Simiyu

Kila mwaka, kuanzia Mei, mkoa wa Simiyu huingia kwenye miezi yake ya mizigo. Msimu wa ununuzi wa pamba hufunguliwa, vyama vya msingi vya ushirika, AMCOS, hupokea pamba ya wakulima, na magari ya kila umbo huanza safari kati ya maghala ya vijijini na viwanda vya kuchambua pamba. Mpunga, dengu na choroko navyo hutafuta soko. Fuso, Canter, pikapu za Land Cruiser na Hilux, hata Hiace za abiria, zote hubeba. Baada ya misimu michache, kwenye barabara ya Bariadi kwenda Lamadi au ile ya kwenda Maswa, utayaona magari yaliyozama nyuma na kuinuka mbele hata yakiwa matupu. Mafundi wanasema springi zimelala.

Dawa inayotolewa kwenye gereji nyingi ni moja: ongeza jani. Gari linainuka siku hiyohiyo, mwenye gari anafurahi, dereva anarudi kazini. Lakini swali la springi zilizolala ni pana kuliko kuinua gari. Ndani yake kuna tabia ya chuma, namna tunavyopakia, barabara zetu, breki, sheria ya mizani na ufundi wa wahunzi wetu. Makala hii inayapitia hayo moja baada ya jingine kwa hoja moja: gari lililolala lipimwe kabla ya kunyanyuliwa, kwa sababu kimo kinachorudi gereji si uwezo wa kubeba uliorudi.

Springi ya majani inavyofanya kazi

Springi ya majani ni rundo la vyuma bapa vilivyokunjwa kama upinde, kila kimoja kifupi kuliko cha juu yake. Jani kuu, la juu kabisa, lina tundu la bushi kila ncha. Ncha ya mbele hufungwa kwenye chasisi kwa pini. Ya nyuma hushikwa na kiungo kinachobembea, kwa sababu upinde ukinyooka unarefuka na lazima upate nafasi ya kusogea. Katikati, boliti moja hupita kwenye majani yote, na yubolti hulibana rundo zima juu au chini ya ekseli.

Mpangilio huu una sifa ambayo springi ya mviringo haina: majani hubeba mzigo na wakati huohuo huishika ekseli mahali pake. Ndiyo sababu Land Cruiser za mfululizo wa 70, zinazotengenezwa tangu 1984, bado zina majani nyuma, na Hilux na malori mengi kadhalika. Ni muundo mgumu, rahisi kutengenezwa, na unaeleweka kwa fundi wa kijijini.

Chuma chake si cha kawaida. Kina kaboni ya kutosha pamoja na silikoni, manganizi au kromi. Kiwandani hupashwa moto wa kati ya nyuzi 850 na 900 za Selsiasi, hukunjwa, huzamishwa kwenye mafuta ili kikakamae, kisha hupashwa tena kwa moto wa wastani, karibu nyuzi 450 hadi 500, ili kipoteze uvunjikaji na kuweza kupinda bila kukatika. Moto huo wa pili ndio unaokifanya kiwe springi. Chuma kilichokosa hatua hiyo kinaweza kufanana na springi kwa umbo, lakini kitavunjika au kitalala upesi.

Kinachopotea springi inapolala

Wengi huamini kwamba springi iliyolala imekuwa laini. Kwa kawaida sivyo. Unyumbufu wa chuma haubadiliki kwa kutumika. Jani lililonyooka likisukumwa kwa kilo 100 zaidi linashuka karibu umbali uleule ambao lingeshuka likiwa jipya. Kilichopotea ni mkunjo wake. Jani lilisukumwa kupita kikomo ambacho chuma kinaweza kurudi, mara nyingi au kwa muda mrefu, likabaki limenyooka. Gari linalopakiwa jioni na kulala na mzigo usiku kucha linaziumiza springi zake hata likiwa halitembei.

Upo pia upotevu wa aina ya pili, ambao ndio hupunguza nguvu yenyewe: kutu na msuguano vinavyokula unene. Ugumu wa jani hufuata unene ukizidishwa kwa wenyewe mara tatu. Jani la milimita 8 likiliwa likabaki milimita 7, limepoteza takriban theluthi moja ya ugumu wake. Mkunjo unaweza kurudishwa kwa ufundi; unene haurudi. Tofauti hii ndiyo inayoamua kama springi itengenezwe au itupwe.

Hali ya Simiyu

Mkoa huu, ulioanzishwa 2012 kwa kuunganisha Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega, unaongoza nchini kwa kilimo cha pamba. Sehemu kubwa ya ardhi yake ni mbuga, yaani udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Barabara kuu za kwenda Lamadi na za kupitia Maswa hadi Mwigumbi zina lami. Lakini mzigo hauanzii kwenye lami. Unaanzia shambani na kwenye ghala la kijiji, kwenye njia za udongo na changarawe za Itilima na Meatu, na ndiko springi zinakochoka.

Wakati wa mvua, tope la mbuga hujipenyeza kati ya majani na kukaa humo na unyevu wake, na kutu huanza. Wakati wa kiangazi, tope lililokauka hugeuka vumbi linalosaga chuma, nayo barabara ya changarawe huota vijituta vya mfululizo vinavyoipiga ekseli bila kupumzika. Gurudumu likiangukia shimo kwa kasi, nguvu inayoifikia springi inaweza kuzidi maradufu ya ile inayoibeba wakati gari limesimama. Gari lililopakia kiasi chake halali linaweza kuvuka mpaka wa chuma kwa sababu ya mwendo peke yake.

Kisha kuna mzigo. Pikapu kama Hilux hubeba takriban tani 1, dereva na abiria wakihesabiwa humohumo. Tangi la maji la lita 1,000 likijaa ni tani 1 kamili, na maji huyumba. Mita moja ya ujazo ya mchanga mbichi inakaribia tani 2. Magunia 10 ya kilo 100 ni tani 1; magunia hayohayo yakifungwa lumbesa na kufikia kilo 130 kila moja, dereva ameongeza kilo 300 huku akiamini bado amebeba magunia 10. Wakala wa Vipimo unapopambana na lumbesa, kilio kinachosikika ni cha mkulima anayepunjwa, na ni kilio cha haki. Lakini lumbesa humpunja mwenye gari pia, kwa sababu humnyima hesabu ya kweli ya mzigo wake.

Namna ya kupakia nayo ina uzito wake. Bodi iliyorefushwa nyuma ya ekseli huufanya mzigo wa mkiani uizamishe springi na kuinyanyua pua ya gari. Ng'ombe wa mnadani husogea na kuegemea upande mmoja kila kona. Kwa hiyo magari mawili yenye uzito sawa yanaweza kuziumiza springi zao kwa viwango tofauti kabisa.

Kupima kwanza

Uchunguzi wa kweli hauhitaji mashine. Gari liegeshwe tupu mahali tambarare, upepo wa matairi ukiwa sawa. Kimo kipimwe kwa futi kamba kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, pande zote nne, na vipimo viandikwe. Upande mmoja ukiwa chini sana kuliko mwingine, shuku jani lililovunjika, bushi iliyokwisha au boliti ya katikati iliyokatika. Pande zote zikiwa zimeshuka sawasawa, mkunjo umepotea.

Halafu majani yasafishwe kwa brashi ya chuma na kuangaliwa moja moja. Nyufa hupenda kuanzia kwenye tundu la boliti ya katikati na pale ncha ya jani fupi inapochimba jani lililo juu yake. Kiungo cha kubembea kiangaliwe pembe yake: kikiwa kimelala kabisa kuelekea nyuma, jani kuu limenyooka kupita kiasi. Mgongo wa jani uliochimbika, bushi iliyopasuka na yubolti zilizolegea vinaweza kuifanya springi nzima ionekane imekufa.

Hapa kuna kosa linalowagharimu wengi. Mwenye gari anaambiwa anunue shokapu mpya, ananunua, na gari linabaki limelala. Shokapu hutuliza mrusho. Hazibebi uzito wa gari. Shokapu iliyokufa ina madhara yake, hasa kwenye vijituta, lakini haiwezi kuwa dawa ya kimo.

Dawa tano na gharama zake

Dawa ya kwanza, inayotumika zaidi, ni kuongeza jani. Ina nafasi yake. Gari ambalo kweli hubeba mzigo uleule kila siku, ndani ya uwezo wake, na lina majani yenye unene mzuri, linaweza kufaidika na jani moja lililochaguliwa vizuri: upana uleule, unene unaokaribiana, mkunjo unaolingana na majirani zake. Lakini hesabu lazima ifanyike. Springi ya majani 5 yanayofanana ikiongezwa la 6 inakuwa ngumu zaidi kwa asilimia 20. Jani likibadilishwa kutoka milimita 7 hadi 8, jani hilo peke yake linakuwa gumu zaidi kwa karibu asilimia 50. Jani nene lililotolewa kwenye lori na kuchomekwa kwenye pikapu hubeba karibu peke yake, yale ya zamani yakisindikiza, na mara nyingi ndilo huvunjika kwanza au kulivunja jani kuu. Kwenye springi za kisasa zenye majani machache yanayopungua unene kuelekea ncha, kama za malori mengi mapya, jani la kuongeza halifai kabisa, kwa sababu majani hayo yameundwa yasigusane isipokuwa katikati na nchani.

Dawa ya pili ni kurudisha mkunjo. Inawezekana, na ni ufundi wa heshima. Inayofanyika kwa nyundo bila moto huleta kimo kwa muda, kisha jani hurudi lilikotoka. Inayofanyika kwenye moto wa mkaa na kuachwa jani lipoe hewani ni mbaya zaidi: moto umeufuta ukakamavu wa kiwandani na hakuna kilichouweka tena. Kurudisha mkunjo kunakodumu ni kule kunakorudia hatua zote: kupasha hadi nyekundu inayong'aa, kukunja kwa kufuata kielelezo, kuzamisha kwenye mafuta, kisha kupasha tena kwa joto linalopimwa. Mhunzi anaweza kutumia sumaku kujua alipofika, kwa kuwa chuma huacha kuvutwa na sumaku karibu na nyuzi 770, na kuzamishwa kunataka joto lipite hapo. Ila joto la kupasha mara ya pili haliamuliwi vyema kwa jicho. Linahitaji tanuri lenye kipimajoto.

Kulehemu jani lililovunjika hakumo katika orodha hii ya dawa. Moto wa kulehemu huacha pembeni mwa mshono eneo gumu lisiloweza kupinda bila kukatika, na jani hukatika hapohapo, safari hii likiwa limepakia. Hata cheche au waya wa mashine ya kulehemu ukiligusa jani zima unaweza kuacha kovu litakaloanzisha ufa.

Dawa ya tatu ni seti mpya au iliyotumika yenye hali nzuri. Hii ndiyo dawa sahihi pale unene umeliwa au nyufa zimeonekana. Zibadilishwe pande zote mbili kwa pamoja, kwa sababu springi mpya upande mmoja na ya zamani upande wa pili huliinamisha gari na kulifanya livute upande likifunga breki. Anayenunua iliyotumika apime unene wa kila jani, aangalie matundu ya bushi, na azilinganishe mbili hizo zikiwa zimesimamishwa bega kwa bega. Rangi mpya isimdanganye. Ikwanguliwe eneo la tundu la katikati kabla ya pesa kutoka mfukoni.

Dawa ya nne ni kuinua kwa ujanja wa vipimo: viungo virefu vya kubembea, au vipande vya chuma vinavyowekwa kati ya springi na ekseli. Gari huinuka bila springi kuguswa. Lakini springi ni ileile iliyochoka, pembe ya ekseli inabadilika, mpira wa breki unavutwa, na kipande kilichoungwa vibaya kinaweza kuteleza. Kwa gari la mzigo, njia hii inaficha tatizo tu.

Ya tano ni springi saidizi au mifuko ya hewa kati ya ekseli na chasisi. Husaidia gari linalobeba mzigo mzito mara chache na kutembea tupu siku nyingine. Ubaya wake ni kwamba nguvu inayogawanyika sehemu mbili za chasisi, mbele na nyuma ya ekseli, sasa inasukuma sehemu moja katikati. Pikapu za milango minne zilizowekewa mifuko hiyo, zikapakiwa sana mkiani, zimeonekana nchi mbalimbali chasisi zake zikipinda.

Dawa yoyote itakayochaguliwa, kufunga ni nusu ya kazi. Gari liwekwe juu ya stendi imara, si jeki peke yake. Rundo la majani libanwe kwenye jiliwa au kwa vibanio kabla boliti ya katikati haijafunguliwa, kwa maana majani yaliyobanwa hufyatuka kwa nguvu ya kuumiza. Yubolti zilizokwishavutwa zibadilishwe. Pini zenye bushi za mpira zikazwe mwisho gari likiwa chini kwa uzito wake, vinginevyo mpira utabaki umesokotwa na kupasuka mapema. Na baada ya kilomita mia kadhaa, yubolti zikazwe tena.

Kimo si uwezo

Hoja nzito zaidi iko hapa. Gari lililoongezwa majani linasimama wima hata likiwa na mzigo wa kupindukia, na macho ya dereva, ya mwenye mali na ya askari wa barabarani yanaridhika. Lakini ekseli ni ileile. Beringi, matairi, ngoma za breki na chasisi ni vilevile. Springi iliyolala ilikuwa ikitoa onyo. Tumelinyamazisha onyo na kuuacha mzigo.

Breki zinaathirika kwa namna ambayo wengi hawaijui. Hilux nyingi na Land Cruiser nyingi zina vali iliyounganishwa kwa fimbo kati ya chasisi na ekseli ya nyuma. Gari likizama kwa mzigo, vali hupeleka nguvu zaidi kwenye breki za nyuma, likiinuka, huipunguza. Springi zikiongezwa kimo bila fimbo hiyo kurekebishwa, gari lililopakia tani nzima huhesabiwa kuwa tupu, na breki za nyuma hunyimwa nguvu zinapohitajika kabisa. Fundi anayeinua gari bila kuigusa vali hiyo ameurefusha umbali wa kusimama.

Upo pia upande wa sheria na barabara. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza 2019, inaweka kikomo cha tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne, tani 18 kwa ekseli mbili zilizofuatana, na tani 56 kwa gari zima lenye mzigo. Hakuna jani linaloongeza hata kilo moja kwenye vikomo hivyo. Sababu yake ilithibitishwa kwenye majaribio makubwa ya barabara yaliyofanyika jimbo la Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960: uharibifu wa barabara hupanda kwa takriban nguvu ya nne ya uzito wa ekseli. Ekseli ikizidishiwa asilimia 10 ya uzito, uharibifu huongezeka kwa karibu asilimia 46. Ikizidishiwa mara mbili, uharibifu ni mara 16. Barabara hiyo iliyoharibiwa ndiyo itakayozivunja springi hizohizo msimu ujao.

Sheria hiyo inayalenga magari yenye uzito wa kuanzia tani 3.5. Pikapu na Hiace, zinazobeba sehemu kubwa ya mizigo ya vijijini, nyingi hazifiki mizani ya TANROADS, wakala wa barabara kuu, maishani mwake. Kwenye barabara za wilaya zinazosimamiwa na TARURA, mlinzi wa uzito ni dereva mwenyewe.

Nani afanye nini

Mwenye gari aanze na daftari: kimo cha gari likiwa tupu, tarehe, mzigo wa kawaida. Akipita kwenye kiwanda cha pamba chenye mizani ya magari, aombe kupimiwa gari lake mara moja likiwa na mzigo wake wa kila siku. Kipimo hicho kimoja kitamwambia kama anahitaji springi nyingine, gari kubwa zaidi, au safari mbili badala ya moja.

Fundi akatae kuongeza jani bila kuuliza gari linabeba nini, na asimrudishie mteja gari bila kuikagua vali ya breki na pembe ya taa, ambazo hubadilika gari linapobadilika kimo.

Mkoa nao una nafasi. Simiyu ilishaonyesha, kwa chaki za Maswa na maziwa ya Meatu, kwamba bidhaa inaweza kutengenezwa wilayani badala ya kusubiriwa kutoka mbali. Tanuri moja lenye kipimajoto, tangi la mafuta ya kuzamishia na vielelezo vya mikunjo ya magari yanayotumika hapa vingeugeuza ufundi wa mkaa na nyundo kuwa huduma ya kuaminika. VETA ina mafunzo ya ufundi wa magari na uungaji vyuma; SIDO kazi yake ni kulea viwanda vidogo. Vyombo hivyo viwili vikikutana na wahunzi wa Bariadi, gharama ya tanuri hilo inaweza kugawanywa na mafundi wengi wanaolihitaji.

Hadi hapo, ushauri kwa anayesoma haya na gari lake limelala nje ni huu: lipime leo likiwa tupu, hesabu mzigo kwa kilo wala si kwa magunia, tupa jani lenye ufa, badilisha pande zote mbili, na baada ya gari kuinuka usilipakie gunia hata moja zaidi ya yale uliyokuwa ukipakia.